Mji wa Haruno hauonekani tena kwenye ramani ya Japani, je barua itafika?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima mdogo wa chai, niko Mufindi. Marehemu baba alienda Japani mwaka 1992 kujifunza mambo ya chai, akakaa kwa familia moja ya wakulima, na mpaka anafariki alikuwa anawataja kama ndugu zake. Kwenye sanduku lake tumekuta picha na bahasha yenye anwani: Haruno-cho, Shuchi-gun, Shizuoka-ken, afu kuna jina dogo la Miyagawa na namba. Nimetafuta Shuchi-gun kwenye ramani ya simu naona mji mmoja tu unaitwa Mori, Haruno haumo. Jamaa mmoja ananiambia ule mji ulifutwa baada ya vijana kuisha, mwingine anasema ulienda na tsunami ya 2011. Je walihamishwa? Nikituma barua itafika, au manispaa wanaweza kunipa namba yao ya simu? Na ni kweli serikali ya Japani inaua vijiji kwa makusudi?"*

Marahaba ndugu yangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Nianze na lile linalokusumbua zaidi. Haruno haijahamishwa wala haijasombwa na maji, ipo palepale alipoiacha mzee wako 1992, milima ileile, mto Keta uleule, na mashamba ya chai kwenye miteremko, ingawa mengine siku hizi yameshageuka pori maana wenyewe wamezeeka. Kilichokufa ni halmashauri. Tarehe 1 Julai 2005 mji wa Haruno kama mamlaka, yaani wenye meya wake, madiwani wake, bajeti yake na muhuri wake, uliingizwa ndani ya jiji la Hamamatsu, na siku hiyohiyo jiji hilo lilimeza halmashauri nyingine 10 za jirani. Hamamatsu bila shaka unaijua hata kama hujawahi kusikia jina lake, ndiko zilikozaliwa Suzuki na Yamaha, hizi pikipiki tunazopanda kila siku. Kwa hiyo mji wa milimani wa chai na mbao uliamka asubuhi ukiwa sehemu ya jiji la viwanda lenye watu karibu laki 8.

Na tsunami usiiweke kabisa kwenye hesabu. Ile ya Machi 2011 ilipiga pwani ya kaskazini mashariki, mikoa ya Iwate, Miyagi na Fukushima, mamia ya kilomita kutoka huko, na Haruno yenyewe iko ndani milimani. Ila naelewa jamaa yako kachanganya wapi, kwa sababu kuna miji iliyopata yote mawili, iliunganishwa 2005 afu ikapigwa na maji 2011. Ntaigusa mbele maana ina jambo la kutuonyesha.

Sasa tuisome anwani ya kwenye bahasha, na hapa twende taratibu kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Wajapani wanaandika anwani kuanzia kikubwa kwenda kidogo. Shizuoka-ken ni mkoa, huo haujabadilika. Shuchi-gun ndiyo iliyokupoteza. Hiyo "gun" tunaiitaga wilaya, lakini usiifikirie kama wilaya ya kwetu yenye mkuu wa wilaya na ofisi na gari la serikali. Ofisi za gun zilifungwa tangu 1926, karibu miaka 100 sasa, na kilichobaki ni jina tu la kuzifunga pamoja halmashauri za miji midogo na vijiji ambazo hazijawa jiji. Mji ukiingia kwenye jiji basi unatoka kwenye gun moja kwa moja, hakuna namna. Shuchi-gun ilikuwa imebaki na miji 2, Haruno na Mori, Haruno ikaondoka, akabaki Mori peke yake, ndiyo maana simu yako inakuonyesha huyo mmoja. Tena Shuchi ina bahati, jirani yake Inasa-gun ilikuwa na miji 3 na yote 3 iliingia Hamamatsu siku ileile, kwa hiyo Inasa-gun kama wilaya ilifutika hapohapo, usiku kuna wilaya asubuhi hakuna.

Halafu kuna safari ya pili ya anwani. Mwaka 2005 mahali pale pakawa Hamamatsu-shi, Haruno-cho, Miyagawa. Mwaka 2007 Hamamatsu ikapandishwa hadhi ikawa jiji lenye mamlaka maalumu, na majiji ya namna hiyo lazima yagawanywe kwenye kata, zikakatwa 7, Haruno ikaangukia kata ya Tenryu. Januari 2024 wakaona kata 7 ni nyingi mno wakazipunguza zikawa 3, watu kibao wa mjini wakabadilishiwa anwani tena, lakini Tenryu haikuguswa. Kwa hiyo leo hii anwani ya familia yenu ni hivi: Shizuoka-ken, Hamamatsu-shi, Tenryu-ku, Haruno-cho, Miyagawa, afu zile namba. Umeona? Haruno-cho bado ipo ndani, imeshushwa ngazi tu, zamani ilikuwa jina la mji unaojitawala, sasa ni jina la eneo ndani ya kata. Na Miyagawa pamoja na namba kwa kawaida vinabaki vilevile, kwa hiyo hicho kijina kidogo ulichokiona kama cha ziada ndicho cha kukishikilia kuliko vyote.

Kitu kimoja cha kuwa makini nacho: usiandike "Haruno Japani" ukaridhika. Kulikuwa na Haruno-cho nyingine mkoa wa Kochi, kisiwa cha Shikoku, majina yanaandikwa sawasawa, na hiyo nayo iliingizwa kwenye jiji la Kochi tarehe 1 Januari 2008. Ukiikuta kwenye ramani iko karibu na bahari, basi umekosea, ya kwenu iko milimani. Alama nzuri ya kuitafuta ni hekalu la Akiha, la mungu wa kuzuia moto, linajulikana Japani nzima, liko mlima Akiha na sehemu yake ya chini ipo ndani ya Haruno-cho kando ya mto. Andika Akiha Jinja pamoja na Hamamatsu kwenye ramani utashushwa jirani kabisa na wenyeji wa mzee wako. Halafu chukua zile picha uzitazame vizuri, siyo nyuso tu, angalia nyuma yao, kama kuna daraja, lango la hekalu, au kinyago kikubwa cha jini mwenye pua ndefu nyekundu, hicho kinyago kina urefu wa mita kadhaa na ni nembo ya Haruno, basi hapo huna haja ya kubahatisha tena.

Na ujue hata hiyo Haruno ya 1992 nayo ilikuwa ni zao la muungano. Ilianzishwa 1956 kwa kuunganisha mji wa Inui na kijiji cha Kumakiri. Kwa hiyo kama kwenye barua za zamani utakuta mwenyeji wa mzee anajiita mtu wa Kumakiri usidhani ni sehemu nyingine. Japani wamefanya hili zoezi mara 3 kubwa. Mwaka 1889 vijiji na miji zaidi ya 71,000 vilipunguzwa vikawa chini ya 16,000, lengo kila halmashauri iweze kubeba shule yake ya msingi. Miaka ya 1950 wakashuka tena, kutoka karibu 9,900 mwaka 1953 mpaka 3,472 mwaka 1961, safari hii kipimo ni kuweza kubeba shule ya sekondari ya chini. Na ya tatu ndiyo hii iliyokukuta wewe, kutoka 3,232 mwaka 1999 mpaka 1,727 mwaka 2010. Kuna mikoa ilifyekwa hasa, Hiroshima ilikuwa na halmashauri 86 ikabaki na 23, Nagasaki 79 ikabaki na 21.

Tuje kwenye swali lako la mwisho, la serikali kuua vijiji kwa makusudi. Hapana, na pia siyo hapana ya moja kwa moja. Kisheria hakuna mji uliolazimishwa, kila baraza la madiwani lilikaa likapiga kura likakubali, na sehemu nyingi wananchi walipiga kura ya maoni na kuna miungano iliyovunjika kwenye hizo kura. Iko moja ya kuchekesha mkoa wa Aichi, miji ya Mihama na Minamichita ilikuwa iungane, kamati ikaja na jina la "Minami Centrair" kwa kufuata jina la uwanja mpya wa ndege, wananchi walivyolisikia walikasirika, 2005 wakapiga kura ya hapana na muungano wote ukafa.

Ila pesa ndiyo ilikuwa inasukuma. Mji kama Haruno kodi yake yenyewe ni kidogo, wazee wengi, viwanda hakuna, kwa hiyo unaishi kwa ruzuku kutoka serikali kuu, inayokokotolewa kwa fomula ili kila raia apate huduma za msingi popote alipo. Ile fomula ilikuwa inazibeba halmashauri ndogo, maana kumhudumia mtu mmoja milimani ni ghali kuliko mjini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Tokyo wakaanza kuupunguza huo mbeleko, na mwaka 2004, wakati wa waziri mkuu Koizumi, ruzuku ikakatwa kwa mpigo kiasi kwamba mameya wa vijijini walikuwa wanatengeneza bajeti hawaoni itafungaje. Huku mkono wa pili serikali imeshika pipi: ukiungana unaruhusiwa kukopa kwa hati maalumu za muungano, mradi wa yeni 100 unakopa 95, na kwenye marejesho ya huo mkopo serikali kuu inakubebea asilimia 70. Yaani unajenga ukumbi au barabara wewe unatoa kama theluthi tu. Juu ya hapo unahakikishiwa kwamba kwa miaka 10 ruzuku yako itahesabiwa kama vile hamjaungana, kisha ishuke polepole kwa miaka 5. Ila pipi ilikuwa na tarehe, maombi yawe yamefika kabla ya mwisho wa Machi 2005. Ndiyo maana ukiangalia orodha ya miji iliyokufa utaona mingi imekufa 2004, 2005 na mwanzoni mwa 2006, watu walikuwa wanakimbizana na deadline, na vitu vya kujadiliwa miaka 5 vilijadiliwa kwa miezi. Mimi binafsi naona kosa kubwa lilikuwa hapo, kwenye haraka, kuliko kwenye kuungana kwenyewe.

Kwa hiyo jamaa yako wa kwanza, aliyesema vijana waliisha, kapatia nusu. Uzee na uchache wa watu vilikuwepo kabla ya muungano na vimeendelea baada yake. Kata ya Tenryu, ambamo Haruno imo, ina zaidi ya nusu ya ardhi yote ya jiji, kilomita za mraba 944, lakini watu hawafiki 30,000. Muungano haukuwaondoa vijana, walishaanza kushuka mjini tangu enzi za mzee wako.

Lakini walichopoteza kipo na siyo kidogo. Zamani mwananchi wa Haruno akiwa na shida ya daraja au maji anaenda ofisini mjini pale Miyagawa, anamkuta mtu anayemjua, na meya mwenyewe pengine amesoma naye. Baada ya 2005 ile ofisi imekuwa kituo cha huduma tu, unachukua vyeti, unalipa, unauliza, uamuzi wa bajeti uko chini mjini. Mwanzoni Hamamatsu iliahidi kila mji wa zamani utabaki na baraza lake la ushauri na sauti yake, baadaye jiji likasema ni mzigo, likaviondoa. Madiwani ni hivyohivyo, wanafuata wingi wa watu na milimani watu hamna. Na ni mbali jamani, kutoka Misakubo, mji mwingine wa milimani ulioingizwa siku moja na Haruno, mpaka makao makuu ya jiji ni zaidi ya kilomita 50 za kona.

Nilisema ntarudi kwenye tsunami. Pwani ya Miyagi kulikuwa na miji 2 jirani, Ogatsu na Onagawa. Ogatsu, mji wa watengeneza vijiwe vya kusagia wino, uliingia jiji la Ishinomaki Aprili 2005. Onagawa haikuungana, ina mtambo wa nyuklia na mapato yake. 2011 maji yaliipiga yote 2 vibaya mno. Onagawa ilikuwa na meya wake, madiwani wake na pesa yake, ikakaa ikaamua yenyewe ijengwe vipi, na stesheni yake mpya na barabara ya maduka vikafunguliwa 2015. Ogatsu ilikuwa kipande kimoja cha jiji kubwa lenye vipande vingi vilivyoharibika, maamuzi yakachelewa, na watu wengi waliohamia kwingine hawakurudi. Kuna wanaoitumia hii kama ushahidi kwamba muungano ndio uliua. Mimi sifiki huko, Onagawa ilikuwa tajiri toka mwanzo na umbo la ardhi ni tofauti, ila hakuna ubishi kwamba siku ya janga kuwa na ofisi yako mwenyewe yenye watu wanaolijua eneo ni kitu kikubwa.

Na wale waliokataa je? Yamatsuri huko Fukushima ilitangaza Oktoba 2001 kwamba haiungani na mtu, ikapunguza madiwani na matumizi, na iliposhindwa kununua vitabu vya maktaba ikaomba nchi nzima ichangie, vikamiminika mpaka wakakosa pa kuviweka. Kwenye mji unaoitwa Ama, kisiwa kidogo mkoa wa Shimane, meya alijikata mshahara nusu, wafanyakazi wakafuata, leo kinavutia vijana wahamiaji kutoka mijini. Nishiawakura huko Okayama imejitegemea kwa misitu yake. Ni habari nzuri na za kweli, ila nakuomba usije ukadhani kila aliyekataa kapona, hizo ndizo zinazoandikwa magazetini kwa sababu ni chache. Wengi waliokataa nao wanazeeka kimyakimya, na kuna waliokataliwa, yaani walitaka kuungana ila jirani akawaogopa kwa madeni yao.

Cha kushangaza ni kwamba ile hali ya kujihesabu ni mtu wa mji fulani haifutiki kwa kura ya baraza. Chukua hao Misakubo tena. Mpakani na mkoa wa Nagano kuna njia ya kuvukia milima inaitwa Hyogoshi, na tangu miaka ya 1980 kila mwaka Misakubo na wenzao wa Minamishinano wa upande wa pili wanakutana pale kuvuta kamba, anayeshinda anasogeza kibao cha "mpaka wa nchi" mita 1 ndani kwa mwenzake. Kibao kimeandikwa kabisa kwamba huu siyo mpaka wa kiutawala, wasije wakaleta kesi. Mwaka 2005 Misakubo ikamezwa na Hamamatsu na Minamishinano ikamezwa na jiji la Iida, halmashauri zote 2 hazipo, kamba wakaendelea kuivuta.

Haya, barua. Itafika? Kama familia bado inakaa pale, uwezekano ni mkubwa sana, hata ukiandika anwani ya zamani, maana posta za huko wanazijua hizo anwani za zamani. Ila usiwape kazi, andika mpya. Namba ya posta ya kwenye bahasha kama ni tarakimu 3 au 5 ni ya mfumo wa zamani, tangu 1998 ni 7, itafute mpya kwa kuandika Haruno-cho Miyagawa kwenye ukurasa wa posta ya Japani. Muhimu zaidi, ile anwani iliyoandikwa kwa herufi za Kijapani nyuma ya bahasha usijaribu kuiandika kwa mkono kama hujui, piga picha au toa kopi, ikate ubandike, na chini yake uandike kwa herufi zetu ile mpya niliyokupa hapo juu. Nchi iandikwe Japan kwa herufi kubwa ili posta ya Dar isikosee.

Ndani weka barua fupi ya Kijapani. Programu za kutafsiri siku hizi zinasaidia, lakini mpe mtu aipitie, Chuo Kikuu cha Dodoma wanafundisha Kijapani, na Wajapani wanaojitolea huku kwetu kupitia JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, wengi ni watu wa kusaidia, wengine wanaongea Kiswahili safi. Sema wewe ni nani, jina la mzee, mwaka aliokaa, kwamba amefariki, na kwamba huna shida ya pesa. Hiyo ya mwisho iandike waziwazi, usione aibu, wazee wa Japani wametapeliwa sana kwa simu na barua na watoto wao wamewafundisha kutojibu wageni. Weka kopi ya picha, siyo picha yenyewe. Picha moja ya mzee wako kasimama na baba yao shambani itakufungulia mlango kuliko kurasa 5 za maelezo.

Namba ya simu kutoka manispaa, hapo sahau. Siyo roho mbaya. Zamani mtu yeyote aliweza kufunua daftari la wakazi, sheria ikabanwa 2006, na daftari la familia likabanwa 2008, sasa lazima uwe mhusika au uwe na sababu ya kisheria. Ukiwapigia watakuambia kwa heshima kubwa kwamba hawawezi hata kuthibitisha kama mtu yupo. Njia inayofanya kazi ni ya kinyume chake, usiombe wakupe taarifa zao, omba wao wapelekewe za kwako. Andikia kituo cha huduma cha Haruno, kipo Miyagawa hapohapo kwenye jengo la zamani la mji au jirani yake, waambie una ujumbe kwa familia fulani na wakiona inafaa wauwasilishe. Hawalazimiki kukubali. Ila eneo lenyewe ni dogo, mtu wa ofisini akiliona jina mara nyingi anajua ni nyumba ipi. Ushirika wa wakulima wa chai nao ni mlango mzuri, pengine bora kuliko serikali, maana mkulima wa mwaka 1992 lazima alikuwa mwanachama mahali. Na kama mzee alienda kupitia JICA, ofisi yao ya Dar es Salaam ianze kuulizwa kabla ya yote, ujue nani alimpokea huko.

Barua ikirudi usikate tamaa mara moja. Posta ya Japani mtu akihama inampelekea barua anwani mpya kwa mwaka mmoja tu asipoongeza muda, baada ya hapo inarudi ilikotoka. Inaweza kuwa wazee wamefariki na nyumba imefungwa, hesabu ya 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9 nchi nzima, na milimani ndiko zimejaa. Watoto wengi wako Hamamatsu mjini, saa moja na kitu kwa gari, wanapanda wikendi kufyeka majani na kusafisha makaburi. Ndiyo maana kituo cha Haruno na ushirika ni wa kuandikiwa hata kama barua ya kwanza imerudi.

Kuna hali ambazo haya maelezo yangu hayatoshi na unatakiwa kumwona mtu ana kwa ana. Kama kwenye lile sanduku kuna kitu cha mali, hati, akaunti ya benki, au kama kuna minong'ono kwamba mzee aliacha mtoto huko, hapo usiandike barua yoyote kwanza. Nenda kwa wakili huku, na kwa Japani kuna wataalamu wenye leseni wa mambo ya usajili na mirathi ambao kisheria wanaweza kuomba kumbukumbu za daftari la familia, hizo za Haruno ya zamani hazikupotea, zilihamia kwa jiji lililorithi. Ubalozi wetu Tokyo uhusishe pia. Neno likiandikwa vibaya kwenye barua ya mwanzo linaweza kuharibu kesi yote.

Na kama unataka kwenda mwenyewe, inawezekana bila ukichaa wowote. Treni ya kasi kutoka Tokyo mpaka Hamamatsu ni kama saa moja na nusu mpaka mbili, inategemea umepanda ipi maana iliyo na kasi kuliko zote inapita haisimami. Hapo stesheni unatembea mpaka Shin-Hamamatsu, unapanda kitreni chekundu nusu saa mpaka mwisho wa reli, Nishi-Kajima, kisha basi la kupanda mlimani. Mabasi ni machache na yanazidi kupungua, angalia ratiba kabla hujalala, au bora upate mtu mwenye gari. Usiende kugonga mlango bila kutoa taarifa, huko haifanyiki, pitia kwanza kituo cha huduma umtaje mzee na uwaonyeshe picha.

Kuhusu muda wa kutuma, wewe mwenyewe mkulima utaelewa haraka. Chai ya kwanza ya mwaka milimani kule huchumwa kuelekea mwezi wa 5, na wakati huo nyumba nzima iko shambani na kiwandani mpaka usiku, hakuna anayekaa kuandika barua ya kwenda Mufindi. Tuma mwezi wa 1 au wa 2, au subiri mpaka wa 7.